PCOS na uzito usiopungua: unachoweza kufanya ukiwa Midia na maeneo mengine ya Koboko

Je, hedhi yako inapotea kwa miezi kadhaa? Je, unaota nywele kidevuni au kifuani? Je, unaongezeka uzito hata kama chakula nyumbani si kingi? Huenda una tatizo la homoni linaloitwa PCOS, yaani ovari zenye vijifuko vingi.

Makala hii ni kwa wanawake na wasichana wakimbizi na wenyeji wanaoishi Midia, Lobule, Koboko mjini na maeneo ya karibu ya West Nile. Inaeleza PCOS ni nini, kwa nini inafanya uzito kuwa mgumu kupungua, unachoweza kufanya kwa chakula kinachopatikana hapa, na wapi unaweza kupata matibabu. Haichukui nafasi ya mhudumu wa afya. Itakusaidia kujua cha kumuuliza.

PCOS ni nini?

PCOS ni hali ambayo homoni za mwanamke hazina uwiano. Kila mwanamke ana kiasi kidogo cha homoni za kiume mwilini. Mwenye PCOS mara nyingi anazo nyingi kupita kawaida. Kwa sababu hiyo, yai halikomai na kutoka kila mwezi kama inavyotakiwa. Mayai ambayo hayajakomaa hubaki ndani ya ovari kama vijifuko vidogo vyenye maji. Vijifuko hivyo si saratani na kwa kawaida havihitaji upasuaji.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya mwanamke 1 kati ya 10 walio katika umri wa kuzaa ana PCOS, na kwamba wengi wao hawajui. Tatizo hili lipo kwa wanawake wa nchi zote, wanene na wembamba, walioolewa na wasioolewa.

PCOS haisababishwi na uchawi, laana wala dhambi. Haiambukizwi kwa kujamiiana. Haisababishwi na njia za uzazi wa mpango ulizotumia zamani. Mara nyingi hutokea katika familia, kwa hiyo muulize mama yako, dada zako au shangazi zako kama waliwahi kuwa na hedhi ya kuruka au kisukari.

Dalili zake ni zipi?

Si lazima uwe na dalili zote. Dalili za kawaida ni hizi:

- Hedhi isiyo na mpangilio. Kwa mwanamke mzima, hedhi ya kawaida huja kila baada ya siku 21 hadi 35. Ukipata hedhi chini ya mara 8 kwa mwaka, hiyo si kawaida.
- Nywele nyingi kidevuni, juu ya mdomo, kifuani au tumboni.
- Chunusi zisizoisha, au nywele za kichwani kupungua sehemu ya mbele na katikati.
- Kuchelewa kupata mimba.
- Uzito kuongezeka, hasa tumboni.
- Ngozi kuwa nyeusi na nene shingoni, kwapani au kwenye mapaja. Huo si uchafu, na kusugua hakusaidii. Mara nyingi ni dalili kwamba insulini iko juu mwilini.

Kwa nini uzito haupungui?

Insulini ni homoni inayofanya kazi kama ufunguo. Ukila posho, mihogo, wali au sukari, chakula hicho hugeuka kuwa sukari kwenye damu. Insulini hufungulia sukari hiyo njia iingie kwenye misuli na kutumika kama nguvu.

Kwa wanawake wengi wenye PCOS, ufunguo huo haufanyi kazi vizuri. Mwili unalazimika kutengeneza insulini nyingi zaidi ili kufanya kazi ileile. Insulini ikiwa nyingi, mambo mawili hutokea. Kwanza, mwili huhifadhi mafuta kwa urahisi, hasa tumboni, na huenda ukasikia njaa mapema baada ya kula. Pili, insulini huisukuma ovari kutengeneza homoni za kiume zaidi, na hedhi inazidi kuvurugika. Uzito ukiongezeka, insulini inafanya kazi vibaya zaidi. Huu ni mzunguko unaojirudia.

Kwa hiyo ikiwa unakula sawa na dada yako lakini wewe unanenepa na yeye hapana, si lazima kwamba unakula kwa siri au kwamba wewe ni mvivu. Jambo hili ni muhimu hapa kwetu. Mgao wa chakula kwa wakimbizi Uganda umepunguzwa mara kadhaa tangu Aprili 2020. Mwanamke anayenenepa wakati majirani wanakonda anaweza kusemwa vibaya: kwamba ana pesa alizoficha, au kuna mwanamume anayemlisha. Unene si ushahidi wa shibe. Mtu anayekula mlo mmoja wa mihogo kwa siku, bila maharagwe wala mboga, anaweza kuwa na uzito mkubwa na bado akakosa virutubisho.

Habari njema: kupungua kidogo kunasaidia

Huhitaji kuwa mwembamba. Kwa mwenye uzito mkubwa, kupunguza asilimia 5 hadi 10 kunaweza kurudisha hedhi, kuongeza nafasi ya kupata mimba na kupunguza hatari ya kisukari. Kama una kilo 80, asilimia 5 ni kilo 4. Kilo 4 katika miezi 6 ni lengo la maana. Usijilinganishe na mtu aliyepunguza kilo 10 kwa mwezi mmoja.

Hata uzito usiposhuka, chakula bora na mazoezi husaidia insulini kufanya kazi vizuri. Kwa hiyo usiangalie mizani peke yake. Andika pia tarehe za hedhi na pima kiuno chako kwa utepe wa fundi cherehani. Kiuno kikipungua, kuna kitu kinabadilika ndani.

Tahadhari: usijaribu kupunguza uzito ikiwa una mimba, unanyonyesha mtoto mchanga, au tayari u mwembamba. Ongea na mhudumu wa afya kwanza.

Nile nini, kwa chakula kilichopo?

Mwongozo wa kimataifa wa PCOS wa mwaka 2023 unasema hakuna aina moja ya lishe iliyothibitishwa kuwa bora kuliko nyingine zote. Kwa hiyo huhitaji vyakula vya gharama kutoka dukani. Unachohitaji ni kubadilisha kiasi na mpangilio wa chakula unachokijua.

1. Gawanya sahani upya. Watu wengi hapa hula mlima wa posho, kalo au enyasa na mchuzi kidogo pembeni. Jaribu hivi: nusu ya sahani iwe mboga, kama dodo, majani ya kunde, sombe, bamia, kabichi au majani ya maboga. Robo iwe maharagwe, kunde, mbaazi, dagaa, samaki au mayai. Robo inayobaki iwe posho, kalo, mihogo au wali.

2. Anza na mboga na maharagwe. Ukila hivyo kwanza na posho baadaye, unashiba mapema na sukari kwenye damu hupanda polepole.

3. Usiuze maharagwe yote. Familia nyingi huuza sehemu ya maharagwe ili kulipia mashine ya kusaga au kununua sabuni. Ikiwa lazima uuze, bakiza ya kutosha kwa kila wiki. Kwa mwenye PCOS, maharagwe ni sawa na dawa.

4. Changanya unga. Unga wa mtama au ulezi, au mahindi yasiyokobolewa, hukaa tumboni muda mrefu kuliko mihogo mitupu au mahindi meupe yaliyokobolewa.

5. Hesabu sukari ya chai. Vikombe 3 kwa siku, kila kimoja vijiko vidogo 3, ni vijiko 9. Hiyo ni zaidi ya kilo 1 ya sukari kwa mwezi kwa mtu mmoja. Punguza kijiko kimoja kila wiki mpaka ulimi uzoee. Pesa inayobaki inunue mayai au dagaa. Chupa ya soda ya mililita 300 ina takriban gramu 30 za sukari, sawa na vijiko vidogo 7 au 8.

6. Pima mafuta kwa kijiko, usimimine kutoka kwenye chupa. Mandazi na chapati za asubuhi viwe vya siku mojamoja, si kila siku. Mihogo ya kuchemsha ni bora kuliko ya kukaanga.

7. Karanga na simsim ni vyakula vizuri lakini vina mafuta mengi. Kijiko kimoja au viwili vya odi vinatosha kuunga mboga.

8. Usishinde njaa ili ule sana usiku. Ikiwa nyumbani mna milo miwili tu, gawanya chakula kiwe karibu sawa mchana na jioni.

Kama una kipande kidogo cha ardhi, panda dodo, kunde, bamia na maboga karibu na nyumba. Maji yaliyotumika kuosha vyombo, yasiyo na sabuni nyingi, yanaweza kumwagilia mboga wakati wa kiangazi.

Usimpikie kila mtu chakula tofauti. Mpangilio huu ni mzuri kwa baba na watoto pia, ila watoto wadogo na wajawazito waongezewe posho, mafuta na karanga. Wao hawatakiwi kupungua.

Je, kazi za nyumbani ni mazoezi?

Ndiyo. Kulima, kutwanga, kubeba maji na kutembea kwenda sokoni Koboko vinahesabika, mradi moyo udunde haraka na pumzi iongezeke. Shirika la Afya Duniani linapendekeza dakika 150 hadi 300 kwa wiki za kazi ya kiasi hicho. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku 5.

Lakini msimu wa kulima hupita, na kuna siku nyingi za kukaa. Wakati huo, tembea kwa haraka nusu saa asubuhi kabla ya jua kali. Ongeza kazi za misuli mara 2 kwa wiki: kuchuchumaa na kuinuka mara 10 hadi 15, au kuinua jerikeni ndogo ya maji kwa kila mkono. Misuli ndiyo inayotumia sukari, kwa hiyo misuli ikifanya kazi, insulini nyingi haihitajiki.

Ikiwa unaogopa kutembea peke yako, tembeeni wawili au watatu. Kikundi cha kuweka akiba kinaweza kuwa pia kikundi cha kutembea.

Mambo mengine yanayofanana na PCOS

Kabla ya kuamini kwamba una PCOS, mhudumu anatakiwa kuangalia mambo mengine:

- Mimba. Hedhi ikikosekana, kipimo cha kwanza ni cha mimba.
- Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi 3. Inaweza kusimamisha hedhi na kuongeza uzito kwa baadhi ya wanawake. Usiache ghafla kama hutaki mimba. Omba njia nyingine.
- Ugonjwa wa tezi ya shingo.
- Dawa za virusi vya Ukimwi. Baadhi ya wanaotumia dolutegraviri huongezeka uzito. Usiache dawa hizo hata siku moja. Mweleze mhudumu wa kliniki yako.
- Krimu za kung'arisha ngozi na vidonge vya kunenepesha vinavyouzwa sokoni. Vingi vina steroidi ndani yake. Vinaweza kunenepesha uso na tumbo, kuotesha nywele na kuvuruga hedhi, kama PCOS kabisa. Kama umevitumia kwa muda mrefu, mwambie mhudumu ukweli. Usiache vidonge vya steroidi kwa ghafla bila ushauri, kwa sababu mwili unaweza kulegea vibaya.

Jihadhari pia na chai na vidonge vya kupunguza uzito. Nyingi zinaharisha tu. Unapoteza maji, mafuta yanabaki, na pesa imekwenda.

PCOS hupimwaje?

Hakuna kipimo kimoja cha damu kinachosema ndiyo au hapana. Kwa mwanamke mzima, mhudumu hutafuta angalau mambo 2 kati ya haya 3, baada ya kuondoa magonjwa mengine:

1. Hedhi isiyo na mpangilio.
2. Dalili za homoni za kiume kuwa nyingi, kwa kuona, kama ndevu na chunusi, au kwa kipimo cha damu.
3. Ovari zenye vijifuko vingi kwenye skani.

Maana yake ni kwamba ikiwa una hedhi ya kuruka na nywele kidevuni, skani si lazima. Usikope pesa kwa ajili ya skani kabla ya kuongea na mhudumu. Kwa wasichana ambao hedhi ilianza chini ya miaka 8 iliyopita, skani haipendekezwi kwa ajili ya PCOS, kwa sababu ovari za wasichana wengi wenye afya huonekana hivyo.

Omba pia upimwe presha na sukari ya damu. Wenye PCOS wana hatari kubwa zaidi ya kupata kisukari, pamoja na kisukari cha ujauzito.

Kuna dawa gani?

PCOS haiponi kabisa, lakini dalili zake hutibika. Dawa hutegemea unachotaka.

Vidonge vya uzazi wa mpango vyenye homoni mbili hupanga hedhi na kupunguza chunusi na nywele. Havifai kwa mwenye presha ya juu au aliyewahi kupata damu kuganda kwenye mishipa.

Metformini ni dawa ya kisukari inayosaidia insulini kufanya kazi. Huweza kusaidia hedhi na uzito kidogo, lakini si dawa ya kukondesha. Huanzwa kwa dozi ndogo pamoja na chakula, kwa sababu huleta kichefuchefu na kuharisha mwanzoni. Kama unatumia dolutegraviri, lazima mhudumu ajue, kwa kuwa dozi ya metformini inahitaji kupunguzwa.

Ikiwa unatafuta mtoto, kuna vidonge vya kusaidia yai kutoka, kama letrozoli na klomifeni. Vinahitaji daktari wa kukufuatilia. Mume naye apimwe, kwa sababu kukosa mtoto si tatizo la mwanamke peke yake. Wanawake wengi wenye PCOS huzaa.

Kumbuka: hedhi ya kuruka haina maana kwamba huwezi kushika mimba. Uzito ukipungua au ukianza metformini, yai linaweza kutoka bila wewe kujua. Kama hutaki mimba, tumia kinga.

Usikae zaidi ya miezi 3 bila hedhi bila kumwona mhudumu, ikiwa huna mimba na hutumii njia inayosimamisha hedhi. Ukuta wa ndani wa mfuko wa uzazi hunenepa, na kwa miaka mingi hali hiyo huongeza hatari ya saratani.

Niende wapi?

Anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mhudumu wa VHT wa kijiji chako anaweza kukuelekeza. Kituo cha afya cha daraja la tatu, kama kile cha Lobule, kinaweza kukusikiliza, kukupima presha na mimba, na kukupa barua ya rufaa. Hatua inayofuata ni Hospitali ya Koboko. Kwa daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake, rufaa huenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Arua.

Ada katika vituo vya serikali Uganda ziliondolewa mwaka 2001, isipokuwa sehemu za kulipia za hospitali. Mkimbizi ana haki ya kutibiwa sawa na mwenyeji. Dawa au vifaa vikikosekana, huenda ukaambiwa ununue nje, kwa hiyo uliza kwanza kama dawa ipo au kama skani inafanya kazi kabla ya kulipa boda boda au gari la kwenda Arua.

Unapokwenda, beba:

- Daftari lako la matibabu na kadi ya ukimbizi au kitambulisho cha taifa.
- Tarehe za hedhi za miezi 6 iliyopita.
- Majina au pakiti za dawa, sindano na krimu unazotumia.
- Mtu unayemwamini wa kutafsiri, kama huongei Kikakwa, Kilugbara au Kiingereza. Unaweza kuomba kuonwa faraghani.

Sema wazi: "Hedhi yangu inaruka, nina nywele kidevuni na uzito unaongezeka. Naomba kuchunguzwa kama nina PCOS." Ukiambiwa tu "kapunguze uzito", uliza: "Nipunguze vipi, na ni vipimo gani vinahitajika?"

Nenda kituoni haraka ikiwa unatoka damu nyingi isiyokoma, una kiu kali na kukojoa mara kwa mara, au sauti imekuwa nzito na nywele zimeota kwa kasi ndani ya miezi michache.

Ikiwa moyo umechoka

Huzuni na wasiwasi huwapata wenye PCOS mara nyingi zaidi kuliko wanawake wengine. Kudharauliwa kwa sababu ya ndevu, unene au kukosa mtoto kunaumiza. Kunyoa au kung'oa ndevu hakuzifanyi ziwe nyingi zaidi, kwa hiyo fanya kinachokupa amani. Ukikosa usingizi, ukilia kila siku au ukiwaza kujidhuru, mwambie mhudumu wa afya au wa ushauri nasaha leo, usisubiri.

Kwa wakimbizi wenye swali au malalamiko kuhusu huduma, au wanaopigwa au kutishwa nyumbani, simu ya bure ya FRRM ni 0800 323 232.

Kwa waume, mama wakwe na majirani: mwanamke huyu hakuchagua hali hii. Msaada wenu wa kwanza ni kuacha kumcheka. Wa pili ni kula naye sahani ileile ya mboga na maharagwe.